Ngazi ya Kaka na Uji wa Saruji

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimegundua jambo. Naliandika upesi kabla mwingine hajaligundua.

Nilikuwa nimesimama kwa jirani yetu, fundi muashi, nikimtazama akibomoa nguzo ya zamani ya lango lake. Napenda kutazama watu wakifanya kazi, ndipo akili yangu hufunguka. Nguzo ikapasuka. Ndani mna nondo. Ncha iliyokuwa imechomoza nje ya saruji imeliwa na kutu mpaka imebaki kama kijiti cha kiberiti. Sehemu iliyokuwa ndani ya saruji, safi kabisa! Ya kijivu, kavu, utadhani imetoka dukani jana. Na nguzo ile, kwa kauli ya fundi mwenyewe, imenizidi umri.

Nikarudi nyumbani mbio kuitazama ngazi.

Ngazi yetu ni ya chuma mwanzo mwisho, vikanyagio kumi na vinne, inapanda kwa nje kutoka uani hadi mlangoni pa mama, chumba cha juu. Aliijenga kaka yangu mkubwa, fundi wa kuchomelea. Ndiyo kazi yake ya mwisho. Aliimaliza, akalalamika kifua, akalazwa, hakurudi. Huu ni mwaka wa tatu. Kitu kingine cha mkono wake hatuna.

Nayo inakwisha. Kutu imeingia miguuni, maungioni, chini ya vikanyagio. Ukiigonga kwa ufunguo hailii tena kama kengele, inakohoa tu.

Dada alitamka mwezi uliopita kwamba akija tena akaikuta hivyo, ataikata, wachukue wanunuzi wa vyuma chakavu, na mama atahamia kwake. Kwake hakuna ngazi. Anakuja Jumamosi tarehe 15. Mama hataki kuhama, kwa sababu dirisha lake la juu linamwonyesha barabara nzima na yote yanayopita. Mimi sitaki mama ahame kwa sababu ni mama yangu, na nikibaki peke yangu humu nitazungumza na nani?

Dada aliwahi kuuliza kwa nini mama asikae chumba cha chini. Nikamweleza kwamba chumba cha chini kina mashine yangu ya kutotolea vifaranga, chujio langu la maji la mkaa, na mapipa ya ule mpango wa sabuni. Hivyo ni vitu vya maendeleo. Akanitazama kama anayetazama maji yaliyomwagika.

Kwa hiyo, saruji. Nitaivika ngazi nzima koti la saruji. Kama imelinda nondo miaka yote ile, italinda kazi ya kaka.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwendea fundi muashi kumdodosa, bila kumfunulia siri. Nikasema ni rafiki yangu mmoja anataka kujua. Akauliza kama rafiki huyo ana ngazi ya chuma. Mtu mwerevu, yule.

Akaeleza vizuri, lazima nikiri. Saruji ina ukali wake, akasema, na ukali huo unainyima kutu nafasi ya kuanza. Lakini ina masharti. Kwanza chuma kikwanguliwe mpaka king'ae. Mchanga uwe wa mtoni, uliochekechwa na kuoshwa. Maji yawe yale unayoweza kunywa. Ukoroge uji mzito, upake kwa brashi, tabaka moja leo, jingine kesho, kisha ufunike kwa magunia yaliyoloweshwa, uyamwagilie kwa wiki nzima. Usiikimbize, akasema. Alilisema hilo mara mbili.

Nimeyaandika yote, isipokuwa habari ya wiki nzima, maana mafundi hupenda kujipa umuhimu.

Mchana Shemeji akapiga simu. Ni mume wa dada. Ana duka la rangi, na kwa hiyo kila tatizo la dunia hii, kwake, linahitaji rangi. Alisema kasikia ngazi iko taabani, ana makopo mawili ya rangi nyekundu ya kuzuia kutu, atayaleta bure, na atakuja kuipaka mwenyewe. Nikamshukuru kwa ubaridi. Ngazi ya kaka yangu kupakwa na mtu ambaye kaka mwenyewe alikuwa akimwita Bwana Kopo? Thubutu.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwangua tangu asubuhi. Brashi ya waya, msasa, tindo. Vumbi jekundu puani, masikioni, kwenye chai. Mama aliketi kizingitini kwake juu akinitazama, ama tuseme akinielekea, kwani macho yake siku hizi yanamwonyesha vivuli tu. Akasema nakwangua kama kaka. Sijui kama alijua ananipa sifa kubwa kiasi gani.

Saa nane nikafika kikanyagio cha juu kabisa, cha kwanza mtu anapotoka chumbani. Siku zote nilikuwa nikiona pale mavimbe fulani, nikadhani kaka siku hiyo mkono ulimtetemeka. Nikaikwangua rangi ya zamani. Si mavimbe, ni herufi. Kaandika kwa moto wa kuchomelea, zimevimba kama mishipa ya mkono: MAMA POLEPOLE.

Nikakaa pale pale na brashi yangu. Miaka mitatu nimepanda na kushuka juu ya maneno ya kaka yangu nisiyajue. Nililia, naandika wazi, hakuna atakayesoma. Mama akauliza mbona kimya. Nikamwambia vumbi limeniingia.

Nimekata shauri. Herufi hizi ndizo zitakazopakwa kwa uangalifu kuliko kitu chochote. Tabaka mbili nene. Zilale ndani ya saruji salama, kama nondo za ile nguzo.

Ijumaa, 7 Machi

Kukwangua kumekwisha. Ngazi inang'aa, vidole vyangu havifungi. Nilikuwa na mpango safi: kupaka kesho, kufunika magunia, na wiki ipite.

Kisha dada akapiga simu. Haji tena tarehe 15. Anakuja keshokutwa, Jumapili.

Nikakaa juu ya pipa la sabuni. Nikawaza. Ndipo nikamkumbuka fundi mmoja wa enzi za utoto wetu, aliyekuwa akitaka kuwahi kwenda zake. Jua likishuka kabla hajamaliza, alichota chumvi akatupa kwenye karai, na saruji ikashika chapuchapu. Niliona kwa macho yangu haya. Muashi hakunitajia chumvi hata kidogo. Ama haijui, ama anaificha.

Nimechukua chumvi yote ya jikoni. Vikombe viwili, ile ya mawe. Mchana mama akauliza kwa nini chakula hakina ladha. Nikasema labda ni hali ya hewa. Akala. Mama hula chochote ukimpa kwa mkono wa heri.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya kazi kubwa! Nimekoroga, nimepaka, nimepaka tena. Uji ulikuwa mzuri, laini. Asubuhi tabaka la kwanza, saa sita limeshakauka. Alasiri la pili, saa kumi na mbili jioni ukigonga linakaza kama jiwe. Muashi na wiki yake!

Kulikuwa na makosa madogo mawili. La kwanza, sikufikiria kwamba mama angenasa juu siku nzima. Nikafunga kamba kwenye ndoo, nikawa namtumia chakula, maji, redio, dawa, na mara moja shuka aliyoiomba. Yeye akawa ananirudishia ndoo na maganda ya ndizi ndani. Watu walisimama barabarani kutazama. Jina langu mtaani ni Mhandisi, na leo walilitaja mara nyingi kuliko kawaida. Nikawapungia mkono.

La pili, kigeti kidogo cha chini ya ngazi nilikipaka pamoja na bawaba zake. Hakifunguki. Nikakigonga kwa nyundo mpaka kikang'oka. Geti si muhimu, nimelihamishia chumba cha chini.

Herufi za kaka nimezifunika kwa mkono wangu mtupu, bila brashi. Nilizilainisha juu kama mtu anavyomfunika mtoto aliyelala. Kikanyagio sasa kimekuwa tambarare, huwezi kujua kwamba chini yake kuna kitu.

Jumapili, 9 Machi

Nimeshinda.

Dada alifika na Bwana Kopo saa nne. Akasimama uani, akaitazama ngazi, ya kijivu, imenyooka, kama mpya. Akaigonga kwa ufunguo. Haikukohoa. Akapanda vikanyagio vitatu, akashuka. Akamgeukia mumewe, mumewe akajikuna kidevu. Dada akasema, kwa sauti ndogo, kwamba hakuamini ningeweza. Akaongeza kuwa kaka angefurahi. Mambo ya mama yakaahirishwa, atakuja kutazama tena mwisho wa mwezi.

Shemeji, kwa wivu, akauliza nimefunika magunia siku ngapi. Nikamwambia nina njia zangu.

Doa moja tu. Tulimwita mama ashuke tule pamoja. Akatoka, akashika reli, akanyoosha mguu, akausimamisha. Dole gumba likawa linazunguka juu ya kikanyagio cha kwanza, likienda kulia, likirudi kushoto, kama linalotafuta kitu kilichoanguka. Akauliza ngazi inaanzia wapi. Nikacheka nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Dada akapanda kumshika mkono.



Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi nilimpelekea chai mama. Nikamuuliza lile jambo la jana.

Akaniambia kwa upole, na huo upole ndio ulionimaliza. Kaka alipomaliza ngazi alimkalisha pale juu, akamshika kidole, akampitisha kwenye kila herufi na kumsomea. Mama hakuwahi kusoma shule. Herufi anazozijua maishani mwake ni zile tu. Macho yalipoanza kupotea akawa anazitafuta kwa dole gumba la mguu. Akizigusa anajua ameanza ngazi. Kila asubuhi, akasema, ilikuwa kama mwanangu ananisalimia.

Nikamwambia zipo, Mama, ziko salama ndani. Akasema anajua.

Nilichukua msumari nikayachora maneno yale yale juu ya saruji. Nilijitahidi kuiga mwandiko wa kaka. Mama akajaribu. Dole likapita juu, halikusoma kitu, maana zangu zimeingia ndani na zile za kaka zilichomoza. Akasema asante, mwanangu, umefanya vizuri. Amenidanganya kwa mapenzi.

Alhamisi, 13 Machi

Jambo la ajabu. Mbuzi wa jirani wa mbele wamehamia kwetu. Walianza wawili, leo ni watano, wanalamba ngazi. Wanaanza kikanyagio cha chini, wanapanda mmoja mmoja kwa utaratibu kama wakaguzi. Mmoja alifika mpaka mlangoni kwa mama akaingia. Mama akampa ganda la ndizi na wakapiga stori.

Mimi nalichukulia kama uthibitisho wa ubora. Mnyama hadanganywi.

Muashi akapita, akawaona mbuzi. Kisha akaja, akapitisha kidole kwenye reli, akakitia mdomoni. Akaniuliza nimetia nini humu. Nikasema siri ya kazi. Akauliza tena, safari hii bila tabasamu. Nikasema chumvi kidogo, ya kushikisha.

Akakaa chini kabisa, kwenye vumbi, na suruali yake ya kazi. Akasema chumvi ndiyo adui wa chuma namba moja, kwamba inapenya mle ndani na kuuvunja ule ukali wa saruji unaokilinda, na sasa nimeifungia ndani pamoja na chuma, kama mtu aliyemfungia mwizi sebuleni akaenda zake. Mvua zinaanza wiki ijayo, akasema. Ukiibandua yote leo, ukaosha kwa maji mengi safi, ukaanza upya bila chumvi, bado inaokoka. Akasema atanisaidia, yeye na tindo yake, hataki kitu. Kaka alikuwa rafiki yake.

Nikamjibu nitafikiria.

Nimefikiria. Huyu bwana amejenga maisha yake yote juu ya magunia mabichi na kusubiri. Mimi nimefanya kwa siku moja kazi yake ya wiki. Ningekuwa yeye, nami ningekaa vumbini.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua siku sita mfululizo.

Kuna madoa ya kahawia yamejitokeza kwenye vikanyagio vya katikati. Machache. Yanachuruzika kidogo. Saruji inakomaa. Kila kitu kizuri hubadilika rangi kinapokomaa.

Hata hivyo, ili dada asije akaelewa vibaya, nimepaka tabaka la tatu juu ya madoa. Kwa kuwa mvua haikatiki na ilibidi ishike upesi, nilitia chumvi mara moja na nusu ya ile ya kwanza. Mama akauliza safari hii kama hali ya hewa bado ni mbaya. Nikasema bado.

Muashi alinitazama kutoka upande wake wa ukuta. Nikampa kisogo.

Ijumaa, 28 Machi

Sijui niandikeje.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Mama alitaka kushuka mwenyewe, kuanika shuka. Nilikuwa chumba cha chini nikitafuta bomba la lile chujio, kwa jambo jingine. Nikasikia kitu kama sahani kuvunjika. Lilikuwa bamba la saruji, kubwa kama kifua cha mtu, limebanduka likaanguka uani. Kisha nikasikia sauti ya mama, si kelele, aliniita tu kwa jina langu la utotoni.

Kikanyagio cha sita kilikuwa kimetoboka. Mguu wake ulikuwa umepita ndani mpaka gotini. Alikuwa ameikumbatia reli kwa mikono miwili, na shuka imemfunika kichwa. Nilipanda, nikaogopa kupanda, nikashuka, nikapanda tena. Kila nilipokanyaga palikuwa panalia. Muashi aliruka ukuta. Mtu wa umri ule! Akapita pembeni ambako chuma kilikuwa bado kinashika, akamtoa mguu taratibu, akamshusha mgongoni.

Hakuvunjika. Amechunika muundi wote, kutoka kifundoni mpaka gotini. Muuguzi wa zahanati alimsafisha jeraha, na mama hakulia. Alikuwa ananipapasa mkono mimi, ananiambia yamekwisha, usitetemeke. Muashi amempa kitanda kwake, maana juu hapapandiki tena.

Nimeliokota lile bamba. Upande wa ndani ni mwekundu, unabanduka tabaka kwa tabaka, umelowa. Pale lilipokuwa limeshika, chuma cha kaka kimebaki kama biskuti.

Ningetamani mama anitukane, hata mara moja.

Jumapili, 30 Machi

Dada amekuja na gari la mizigo. Na mkataji, mgeni, kijana wa grenda asiyemjua kaka wala habari yetu. Akauliza tuanzie juu au chini. Akaanza chini.

Dada hakupiga kelele. Alifungasha nguo za mama, ambazo muashi alizishusha kwa ndoo, akazikunja vizuri zaidi kuliko zilivyohitaji. Nilipomsogelea alisema kwamba maisha yangu yote nimekuwa natia chumvi kwenye maneno, na watu wakacheka, lakini hakujua nitaitia kwenye ngazi ya kaka. Kisha akajifuta macho kwa ile shuka, na mimi nikatoka nje.

Nikarudi nikamwambia dada kwamba mama anaweza kukaa chumba cha chini. Nikasema nitahamisha mashine ya vifaranga. Dada akauliza lini. Nikaomba wiki mbili, kwa sababu lile chujio limeunganishwa ukutani, likitolewa ovyo litaharibika. Dada akaendelea kufungasha.

Shemeji, hili lazima niliandike, alimbeba mama mpaka garini kama anavyobebwa mama yake mzazi. Kabla hajafunga mlango mama akamwita mkataji, akamwomba kile kikanyagio cha juu akikate kizima, asikijeruhi. Akatuambia anataka kiwekwe mlangoni, kwa dada, chini, pale anapotokea asubuhi. Ajue anapoanzia.

Mkataji akakikata. Nikagonga saruji kwa tindo, polepole, ikabanduka. Herufi zipo. Zimeliwa kidogo, A ya mwisho ya MAMA imetoboka, kuna mashimo kama ya sindano. Lakini zinagusika. Tukamletea mama garini, akavua kiatu, akaweka dole gumba. Likapita herufi hadi herufi. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Dada alitaka kukichukua hapo hapo. Nikamkatalia. Kina kutu bado, nikasema, kitachafua sakafu, kinahitaji matengenezo ya mtu anayejua. Nitakileta mwenyewe. Dada alikuwa amechoka mno kubishana. Mama ndiye aliyenishika mkono dirishani. Akaniomba nisikitie kitu chochote. Kioshe kwa maji safi, kifute kikauke, kipake mafuta ya kula, uniletee. Basi. Nikaapa kwa jina la kaka.

Gari likaondoka. Mlango wa mama huko juu sasa unafungukia hewani. Nimeazima ngazi ya mbao ya muashi, nikapanda nikaufunga kwa kamba ya ile ndoo.

Jumatano, 2 Aprili

Nyumba imekuwa kubwa. Mbuzi wamekuja asubuhi, wamekuta hakuna ngazi, wamesimama uani wakitazama juu, kama mimi.

Dada amepiga simu. Kila asubuhi, anasema, mama anafika mlangoni kwake, anashika fremu, ananyoosha mguu, na dole linazunguka juu ya sakafu tupu. Hatoki mpaka mtu amshike. Anauliza kila siku kama mimi nimefika. Nikasema nitafika kesho bila kukosa.

Nimekiosha kwa maji safi, kama alivyoniomba. Nimekifuta kwa fulana yangu ya Jumapili. Nilikuwa tayari nimeshika chupa ya mafuta.

Lakini nikawaza. Mafuta yatakaa siku ngapi? Kutu itarudi. Itazila herufi moja baada ya nyingine, na mama atabaki na chuma kisichosema kitu. Nani atalaumiwa? Nikakaa nikapiga hesabu ya makosa yangu, kwa uaminifu, bila kujipendelea. Na nimeliona. Lile tabaka la tatu, la tarehe 22, lilikuwa na chumvi nyingi kuliko mengine, na ndilo lililoshika vizuri zaidi. Bamba lilipobanduka kutoka kwenye chuma lilikuwa bado zima, gumu kama jiwe! Kilichoiponza ngazi ni uchache wa chumvi mwanzoni. Muashi alikaribia ukweli, ila aliushika kwa mkia.

Safari hii nitapaka tabaka jembamba tu, nifuate umbo la herufi, zibaki zimechomoza. Mama atazisoma na hazitaliwa tena milele. Hata hatajua kama nimetia kitu.

Shemeji aliacha makopo yake mawili ya rangi nyekundu pale mlangoni. Yamefaa. Nimeyageuza stuli, kikanyagio kimelala juu yake, kimetulia sawasawa.

Kabla ya kuanza nimevua kiatu, nimefumba macho, nimeweka dole gumba. Nimeanza kushoto. Bado inasomeka, kaka, yote, hata ile A iliyotoboka. Nimebaki hapo muda, mguu mmoja juu, nimeshika ukuta.

Kisha nimevaa kiatu, nimechota saruji. Vikombe vitatu vya chumvi, kwa sababu lazima kikauke leo. Mama ananingoja kesho asubuhi.